Kwa nini gurudumu la Mallard linampita mtu kimo, na la Mount Shengena linaishia kifuani

Swali: Shikamoo, Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Voi, sasa naishi Leeds na wanangu wawili. Marehemu babu yangu alikuwa fayamani, mchochea moto, kwenye injini za mvuke, na nilipokuwa msichana alinipeleka makumbusho ya reli Nairobi akanionyesha injini ya Mount Shengena. Huku Uingereza nimewapeleka wanangu York kuona injini ya Mallard, na safari nyingine tukaona injini ya kijani ya zamani yenye gurudumu moja kubwa kila upande, refu kuliko mlango wa nyumba yetu. Kwa nini magurudumu yao ni makubwa na yetu ni madogo, ilhali injini yetu ndiyo kubwa zaidi? Ule uzuri wa injini zao ni urembo ulioongezwa baadaye, au umetokana na kazi? Na kwa nini Mallard imevishwa sketi ikafichwa magurudumu? Mwanangu wa miaka tisa naye ana swali lake: kwa nini kuna "mwezi" ndani ya gurudumu?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa furaha, kwa sababu umeona kitu ambacho wengi hupita nacho. Watu wakisimama mbele ya injini ya mvuke hutazama bomba la moshi, rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Wewe umetazama chini. Huko chini ndiko sura yote ya injini ya treni ya haraka ilikoamuliwa.

Shika jambo moja kwanza: injini ya mvuke haina gia. Lori lina giaboksi. Treni ya dizeli, kwa kawaida, ina jenereta na mota za umeme kati ya injini na magurudumu. Ya mvuke haina kitu cha katikati. Pistoni inasukuma konrodi, ule ufito mnene wa chuma, konrodi inasukuma pini iliyo kwenye gurudumu, gurudumu linazunguka. Pistoni ikienda na kurudi mara moja, gurudumu limezunguka mara moja, wala hakuna njia nyingine. Mtazame mtoto mdogo kwenye baiskeli ya matairi matatu, ile ambayo pedeli zimefungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Anazungusha miguu mpaka haionekani, lakini ukitembea kandokando yake kwa hatua za kawaida unampita. Gurudumu lake ni fupi, na mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Mpe gurudumu refu zaidi, kwa mguu uleule ataenda mbali zaidi, ila mlima mdogo tu utamshinda.

Kwa hiyo kipenyo cha gurudumu ndiyo gia ya injini ya mvuke, na ni gia moja tu. Mhandisi akishaichagua kwenye michoro, injini itaishi nayo mpaka siku ya kukatwa chuma chakavu.

Sasa chukua injini zako mbili. Magurudumu makubwa ya Mallard yana kipenyo cha mm 2,032. Likizunguka mara moja, treni imesogea m 6.38. Ya Mount Shengena yana mm 1,372, na mzunguko mmoja unakupa m 4.31. Tarehe 3 Julai 1938, kwenye mteremko wa Stoke kusini mwa Grantham, Mallard ilifika km 203 kwa saa, rekodi ya injini za mvuke ambayo haijavunjwa mpaka leo. Piga hesabu utaona kwamba kwa mwendo huo gurudumu lilikuwa linazunguka mara 530 kwa dakika, yaani karibu mara 9 kwa sekunde moja. Pistoni yenye safari ya mm 660 ilikuwa inakwenda na kurudi mara 9 ndani ya sekunde hiyo, na kila mara inafika mwisho, inasimama kabisa, inageuka. Iweke Shengena kwenye mwendo huohuo na magurudumu yake yangetakiwa kuzunguka mara 785 kwa dakika. Hapo mvuke hauwahi kuingia na kutoka kwenye silinda, na mafuta ya kulainisha hayawahi kushika chuma.

Upande wa pili wa mizani ni nguvu. Kwa pistoni zilezile na mvuke uleule, gurudumu la kimo cha Shengena linavuta karibu mara moja na nusu ya gurudumu la kimo cha Mallard. Great Western Railway ya Uingereza ilipojenga injini zake za King mwaka 1927, ilishusha kipenyo cha magurudumu kutoka mm 2,045, waliyoyazoea kwenye injini za haraka, hadi mm 1,981. Hiyo ni sentimita 6 na kidogo tu. Lakini bila punguzo hilo nguvu ya mvuto isingevuka ratili 40,000, na kampuni ilitaka sana kutangaza namba hiyo.

Babu yako hakuhitaji km 203 kwa saa. Alihitaji kutoka Mombasa, usawa wa bahari, afike Nairobi iliyo juu ya m 1,600, kwa njia ya km 530 hivi, kwenye reli ya upana wa mita moja, na nyuma yake tani 1,200 za mabehewa. Kwa kazi hiyo gurudumu refu lingekuwa adhabu. Injini 34 za daraja la 59, Shengena ikiwa mojawapo, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na magurudumu 16 ya kuvuta na uzito wa zaidi ya tani 250. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi iliyowahi kukanyaga reli ya mita moja popote duniani. Ufupi wa magurudumu ni sehemu ya nguvu hiyo.

Nije kwenye uzuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Injini ya kijani uliyoiona ni Namba 1 ya Great Northern Railway, iliyobuniwa na Patrick Stirling na kujengwa Doncaster mwaka 1870. Gurudumu lake kubwa lina mm 2,464. Ni kweli, linaupita mlango wenu. Stirling alijenga 53 za aina hiyo mpaka 1895, na zilivuta treni za Great Northern katika mbio maarufu za 1888 na 1895, makampuni ya pwani ya mashariki na ya magharibi yaliposhindana kupeleka abiria Scotland. Kwa nini gurudumu moja tu la kuvuta kila upande, na si mawili au matatu yaliyounganishwa kwa fito? Kwa sababu fito hizo ziliongeza msuguano, na magurudumu yaliyounganishwa yakichakaa kwa viwango tofauti yanagombana. Husimuliwa kwamba Stirling alisema injini ya magurudumu yaliyounganishwa inakimbia kama kijana ambaye suruali imemshuka miguuni.

Itazame vizuri ukienda tena. Kwa gurudumu refu kiasi hicho alilazimika kuweka silinda nje, ubavuni. Angeziweka ndani, ekseli ingehitaji kupindwa iwe na krenki, na krenki hiyo ingehitaji nafasi ya kuzunguka chini ya boila, kwa hiyo boila ingepanda juu mno. Ekseli ikawa nyoofu, boila ikashuka, ikapita katikati ya magurudumu mawili kama mtu aliyekaa kati ya ndugu zake. Kila kinachokupendeza pale kimetokana na uamuzi huo: lile tao la madigadi juu ya gurudumu, ile njia nyembamba ya fundi inayopanda kwa mkunjo laini kulifuata tao hilo, boila laini isiyo na kuba juu. Hakuna pambo pale. Ukiondoa gurudumu, mkunjo unakosa sababu ya kuwepo.

Madigadi hayo, kwa maoni yangu, ndiyo zawadi kubwa zaidi ambayo gurudumu limeipa sura ya injini ya Kiingereza. Great Western waliyazungushia utepe wa shaba, kisha wakaweka jina la injini kwa herufi za shaba zilizopinda kulifuata gurudumu. Jina limekaa juu ya kitu kinachofanya kazi. Linganisha na kibao cha mraba kilichopigwa misumari ubavuni, utaona tofauti bila kuambiwa.

Lakini gurudumu moja la kuvuta lina udhaifu wake. Tani 15 hivi tu za injini ndizo zilizokandamiza reli kupitia ekseli ile. Reli ikiwa na umande au majani, gurudumu linateleza palepale. Mwaka 1886 Midland Railway ilianza kurushia mchanga chini ya magurudumu kwa nguvu ya mvuke badala ya kuuacha udondoke wenyewe, na kwa kipindi kifupi injini za aina hii zikapata uhai mpya. Za Midland zilikuwa nzuri ajabu, nyekundu, zenye gurudumu linalozunguka kimya kama pia. Kisha mabehewa yakawa mazito, yakaja yenye vyoo na migahawa, na mchanga haukutosha tena. Ikabidi magurudumu yaunganishwe manne, kisha sita.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo lililobadilisha sura za injini kuliko jingine lolote. Treni nzito inataka mvuke mwingi, mvuke mwingi unataka boila nene. Boila nene haipiti tena katikati ya magurudumu, maana kwenye reli za Uingereza nafasi iliyo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni kama m 1.36 tu. Inabidi ikae juu yake. Na huko juu kuna madaraja na mahandaki, ambayo kwa Uingereza hayaruhusu injini kupita kimo cha kama m 4. Chukua Mallard: boila yake mahali ilipo nene kabisa ina mm 1,956. Iweke juu ya gurudumu la mm 2,032. Umeshafika m 3.99. Hakuna nafasi iliyobaki ya bomba la moshi! Kilichowaokoa ni kwamba boila ni ya mviringo, kwa hiyo tumbo lake linaweza kushuka kidogo kati ya vichwa vya magurudumu. Ndiyo maana injini za mwisho za Kiingereza zina bomba fupi kama kikombe, na ndiyo maana zinaonekana zimejaa, kama mtu aliyevaa koti linalomtosha barabara. Ukiona picha ya injini yenye bomba refu na boila nyembamba, jua ni ya zamani kabla hujasoma mwaka.

Kwa Shengena tatizo hili halikuwepo. Ubunifu wa Garratt uligawa magurudumu katika makundi mawili, moja mbele na jingine nyuma, na boila ikaning'inizwa katikati mahali pasipo na gurudumu chini yake. Ndiyo maana boila yake ilinenepa hadi mm 2,286, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyotembelea. Nilipoisogelea mara ya kwanza nilishika ukingo wa chini wa boila ile kwa mkono, nikageuza kichwa kutazama magurudumu kushoto na kulia, nikaelewa kwa dakika moja kile ambacho vitabu vilinichukulia wiki. Wala usidhani Garratt haiwezi kukimbia. Zile zilizojengwa Ufaransa kwa ajili ya Algeria miaka ya 1930 zilikuwa na magurudumu ya mm 1,800, na moja ilifikishwa km 132 kwa saa kwenye majaribio. Gurudumu lilibadilishwa kulingana na kazi, basi.

Sasa nikuonyeshe hesabu ninayoipenda kuliko zote. Wahandisi wa karne ya 19 waliamini kasi inataka gurudumu kubwa tu, na hawakukosea kwa vyuma na mafuta waliyokuwa nayo. Bristol and Exeter Railway walifika mm 2,743 katika miaka ya 1850. Lakini baadaye mambo matatu yalibadilika: chuma kikawa imara zaidi, ulainishaji ukawa bora, na zaidi ya yote njia za mvuke kuingia na kutoka kwenye silinda zikapanuliwa. Mhandisi Mfaransa André Chapelon alifanya kazi kubwa sana hapo, na Mallard yenyewe ilifungwa bomba pacha la moshi lililotokana na utafiti wake. Matokeo yake? Injini ya Marekani ya daraja la J, ya Norfolk and Western, yenye magurudumu ya mm 1,778 tu, ilifika km 177 kwa saa. Hiyo ni mizunguko 528 kwa dakika. Injini ya mizigo ya Uingereza ya daraja la 9F, yenye magurudumu kumi ya mm 1,524, iliwahi kuwekwa mbele ya abiria ikafika km 145 kwa saa. Mizunguko 504. Na Mallard, kama nilivyokwambia, 530. Injini tatu, vimo vitatu, nchi mbili, kazi tofauti kabisa, na zote zimekwenda kugonga ukuta uleule wa mizunguko mia tano na kitu. Kumbe mwishoni gurudumu refu halikuwa siri ya kasi. Siri ilikuwa pumzi ya silinda na usawa wa magurudumu, na kipenyo kiliamua tu pumzi hiyo itumike kwa kukimbia au kwa kuvuta.

Kuhusu sketi ya Mallard. Miaka ya 1930 ndege na magari mapya yalikuwa yanawavutia watu, na makampuni ya reli yalitaka treni zionekane za kisasa. Nigel Gresley, mhandisi aliyeibuni Mallard, alivutiwa na behewa lenye injini lililotengenezwa Ufaransa na Bugatti, lenye uso wa kabari. Mwaka 1935 akatoa Silver Link, ya kwanza ya daraja la A4 ambalo Mallard ni mmojawapo, kwa treni ya London hadi Newcastle, na tarehe 27 Septemba mwaka huo ikafika km 181 kwa saa ikiwa na wageni ndani. Umbo lilipimwa kwa upepo wa mashine, na ubavuni zikawekwa sketi zilizopinda kama bawa, zikifunika sehemu ya juu ya magurudumu.

Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Injini yao ya 05 002, yenye magurudumu ya mm 2,300, ilifunikwa karibu mpaka kwenye reli. Tarehe 11 Mei 1936 ilifika km 200.4 kwa saa, na ni mafanikio ya kuheshimiwa. Lakini tazama picha yake: huoni kama inakimbia au imesimama. Ni kama gari la kubebea mkate lililopakwa rangi nzuri.

Marekani mwaka huohuo wa 1936, mbunifu Henry Dreyfuss alipewa kazi ya kuivisha injini ya treni ya Mercury ya kampuni ya New York Central. Aliivisha karibu yote, kisha kwenye magurudumu akakata vazi likaacha wazi, na ndani akaficha taa za kuyamulika usiku. Hebu fikiria umesimama kwenye kituo kidogo gizani, na kinachokujia ni magurudumu yanayowaka, yakizunguka. Nasema bila kusita kwamba Dreyfuss alielewa na wengine hawakuelewa. Jicho la mtu halioni mvuke ndani ya silinda wala moto tanuruni. Linaona gurudumu na konrodi, na kwa hivyo viwili linajua mashine hii iko hai.

Vita ilipokuja, sketi za A4 ziliondolewa. Sababu haikuwa urembo. Fundi anayetaka kupaka mafuta kwenye pini alilazimika kuhangaika na bamba kwanza, na wakati wa vita hapakuwa na mafundi wa kutosha wala muda. Hazikurudishwa kwenye kazi. Mallard ilirudishiwa za kwake ilipostaafu mwaka 1963 na kuandaliwa kwa makumbusho, ifanane na siku ya rekodi yake. Nakubali ni haki kihistoria. Lakini ukiniuliza A4 ipi ni nzuri zaidi, nitakwambia ni ile isiyo na sketi, uso wa kabari mbele, ubavu wazi, magurudumu sita makubwa yakionekana yote. Tafuta picha ya injini iitwayo Sir Nigel Gresley, ndugu yake Mallard, uiweke kando ya picha ya Mallard. Waulize wanao, usiwaambie kwanza nimesema nini.

Bado kuna gurudumu lenyewe, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndiyo kazi iliyonilea. Nilianza karakanani mvuke ukiwa umekwisha, lakini mzee aliyenifundisha alikuwa ametoka huko. Siku ya kwanza alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge tairi la chuma. Likalia kama kengele. Akanipeleka kwa jingine, likajibu kama sufuria lenye ufa. "Hilo limelegea," akasema, na hakuhitaji kipimo.

Gurudumu la injini ya mvuke si kitu kimoja. Kuna kitovu na spoki, vilivyosubiwa pamoja kwa chuma, na kuna tairi la chuma ngumu lililovishwa kwa nje, ambalo ndilo linalokanyaga reli na ndilo linalobadilishwa likichakaa. Haliunganishwi kwa kuchomelea. Ndani huchongwa dogo kuliko gurudumu lenyewe kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu. Kwa gurudumu la m 2, ni mm 2 hivi. Kisha linapashwa moto kwa miali ya gesi inayolizunguka, linatanuka, gurudumu linashushwa ndani yake kwa kreni, na likipoa linabana. Halihitaji kuwa jekundu kama chuma cha mhunzi. Joto la kutosha kukausha mate kwa mlio linatosha, na mkono hausogei karibu.

Spoki nazo ni kazi ya macho. Karibu na kitovu ni nene, zinakwenda zikikonda kuelekea ukingoni, kama mguu wa swala. Ziliwekwa ili gurudumu liwe jepesi, kwa sababu uzito wa gurudumu haubebwi na springi yoyote, unagonga reli moja kwa moja. Injini za Marekani zilipokuwa nzito sana, ukingo ulianza kushuka kidogo pale kati ya spoki na spoki, na miaka ya 1930 wakaja na magurudumu ya sahani, matupu ndani, yenye matundu. Uingereza, mhandisi Oliver Bulleid aliweka ya aina yake mwaka 1941 kwenye injini za Merchant Navy, mepesi na imara kuliko ya spoki. Kihandisi alikuwa sahihi. Lakini mwanga wa jioni haupiti tena katikati ya gurudumu linalozunguka, na hilo mimi hulikosa kila nikiona picha zake.

Namalizia na mjukuu wangu wa miaka tisa, kwa kuwa swali lake ndilo gumu kuliko yote.

Mwambie achukue baiskeli, aigeuze matairi juu, afunge jiwe dogo kwenye spoki upande mmoja karibu na ukingo, kisha azungushe kwa nguvu. Baiskeli itaruka. Sasa afunge jiwe la uzito uleule upande wa pili, mkabala na la kwanza. Itatulia. Ule "mwezi" aliouona ni jiwe la pili. La kwanza ni pini na konrodi nzito iliyoning'inia juu yake, na ndiyo maana mwezi daima uko upande usio na pini.

Ugumu ni kwamba pistoni haizunguki, inakwenda mbele na nyuma. Ukiongeza chuma kwenye mwezi ili kuituliza pistoni, chuma hicho kinazunguka, na kila kinapofika chini kinagonga reli kama nyundo. Uingereza iliunda kamati mwaka 1923 kuchunguza jinsi nyundo hiyo inavyoumiza madaraja, na ripoti ikatoka 1928. Dawa mojawapo ni ile aliyoitumia Gresley kwenye Mallard: silinda tatu, pini zake zimegawana duara kwa nyuzi 120, kiasi kwamba pistoni moja ikisukuma mbele nyingine mbili zinaipunguzia kishindo. Bulleid akaenda hatua moja zaidi kwenye silinda zake tatu, akaacha kabisa kuweka chuma cha kutuliza pistoni.

Mkirudi York, mwambie achuchumae kando ya gurudumu la katikati la Mallard, chini ya ile sketi, atafute pini, kisha avushe kidole mpaka upande wa pili. Na mkija nyumbani likizo, mpeleke Nairobi afanye vivyo hivyo kwa Mount Shengena: atafute gurudumu linaloshikwa na konrodi nene kuliko zote, apime mwezi wake kwa viganja, kisha apime wa gurudumu la jirani linaloshikwa na ufito mwembamba tu. Atakuta viganja havilingani, na sasa atajua kwa nini.